Herufi zilizo chini ya D

Mtu akinunua gari Nakuru au Kisumu siku hizi, mara nyingi litakuwa limetoka Japani likiwa limeshatumika, limeingia nchini kabla ya kupitisha miaka minane, na halina klachi. Vitz, Passo, Demio, Note, Fielder, Axio: pita kwenye maegesho ya duka kubwa lolote, chungulia dirishani, utakuta pedali mbili. Wazee wetu walijifunzia Peugeot 504 na pikapu za Datsun, magari yaliyomtaka dereva atumie miguu yote miwili na sikio juu yake. Sisi tumehama kutoka magari yale hadi haya kwa muda mfupi, na hakuna aliyetuketisha chini akatueleza ni nini kimebadilika. Shule za udereva zimebaki pale pale, milima imebaki pale pale, kilichobadilika ni gari. Naamini pengo hilo linatugharimu breki, giaboksi na uhai wa watu, hasa sisi tunaoishi kati ya Bonde la Ufa na Ziwa Victoria, ambako huwezi kwenda kumwona shangazi bila kupanda na kushuka.

Ubishi wa vijiweni unajulikana. Dereva wa klachi humwambia mwenye oto, gari linalojibadilishia gia, kwamba haendeshi, anaendeshwa. Wengine huliita gari la wanawake, wakidhani wamemaliza mjadala. Sikubaliani nao hata chembe. Simama Kondele jioni, foleni ikisogea hatua moja na kusimama, uone mguu wa kushoto wa dereva wa matatu unavyofanya kazi. Mtu mwenye goti bovu, mtu aliyepoteza mguu wa kushoto, mama anayerudi kutoka zamu ya usiku akiwa hoi, hawa wote giaboksi inayojibadilisha imewafungulia barabara. Na si kitu cha majaribio: General Motors walianza kuuza Hydra-Matic yao kwenye Oldsmobile za mwaka 1940, na tangu hapo mitambo hii imeboreshwa kwa zaidi ya miaka themanini. Gari la oto ni gari kamili. Linahitaji dereva kamili vilevile, na hapo ndipo tulipoteleza.

Tazama jinsi tunavyojifunza. Mwanafunzi huenda shule ya udereva, anasimama mbele ya ubao wa mji wa mfano na kusukuma kigari kwa kidole huku akitaja alama za barabara. Kisha anapandishwa gari la shule, mara nyingi la klachi, lililochoka, gia ya kwanza ikiingia kwa kubembelezwa. Wiki kadhaa anahangaika na balansi: kuachia klachi taratibu, kutafuta mahali inaposhika, kuondoka mlimani bila kurudi nyuma. Anafanya mtihani, anapewa leseni, na ikiwa amefaulu kwa gari la klachi anapata daraja la B2 linalomruhusu magari madogo ya aina zote mbili. Aliyefanyia mtihani kwenye oto hupewa B1, na haruhusiwi kugusa klachi. Mpaka hapo utaratibu ni mzuri.

Halafu mwenye B2 anakwenda yadi kununua Vitz. Somo la oto analipata pale pale, mlango ukiwa wazi, muuzaji ameinama dirishani: "Hii haina kazi, mama. P ni kuegesha, R ni kurudi nyuma, N wachana nayo, D ni kwenda. Mafuta huku, breki huku." Dakika mbili, funguo mkononi. Hakuna anayetaja herufi zilizo chini ya D. Zipo, zimechorwa, zinang'aa: kwenye magari mengine ni 2 na L, mengine S, mengine B, mengine alama ya kujumlisha na kutoa. Magari ya oto ya zamani kidogo yana kitufe kidogo pembeni mwa mpini wa gia kilichoandikwa O/D. Nimewauliza wamiliki wengi kazi ya herufi hizo. Jibu la kawaida ni "sijawahi kuzihitaji", na baadhi yao huteremka kila wiki kutoka Kericho hadi Awasi.

Hebu tuitazame nchi yenyewe. Kisumu iko takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari. Nakuru iko kama mita 1,850. Kati yake kuna Mau Summit, karibu mita 2,500. Maana yake ni kwamba anayetoka Nakuru kwenda Kisumu anapanda zaidi ya mita mia sita, halafu anashuka zaidi ya elfu moja na mia tatu. Anayetoka Maseno, pale mstari wa Ikweta unapokata barabara, anateremka hadi Kisian kandokando ya ziwa. Wa Kakamega anashukia Nyang'ori. Wa Nyahururu akija Nakuru ana mteremko wa Subukia. Hizi ndizo barabara zetu za harusi, za mazishi, za shule kufunguliwa. Mtu wa Malindi anaweza kuishi na D maisha yake yote bila hasara kubwa. Wa kwetu hawezi.

Dereva wa zamani wa klachi alikuwa na kanuni moja aliyorithishwa na kila mwalimu: gia uliyopandia ndiyo ya kushukia. Ukipanda Nyang'ori kwa gia ya tatu, ushuke kwa ya tatu. Hakuhitaji kueleza sababu, lakini sababu ipo. Gari likiwa kwenye gia na mguu umetoka kwenye mafuta, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Injini haipendi kuzungushwa, inakaza, na ule ukaidi wake unalizuia gari lisikimbie. Gia ndogo huizungusha injini mara nyingi zaidi kwa kila mzunguko wa gurudumu, hivyo ukaidi huongezeka. Breki ya miguu inabaki baridi, ikisubiri dharura.

Usipofanya hivyo, kazi yote inaiangukia breki, na breki inajua jambo moja tu, kugeuza mwendo kuwa joto. Chukua lori la tani 40. Kwa kila mita 100 linazoshuka kwa wima, nguvu inayoachiliwa inakaribia ile iliyomo kwenye lita moja ya dizeli. Sehemu yake huliwa na upepo na tairi, lakini inayobaki, kama injini haisaidii, inaingia kwenye breki. Washa moto wa lita kadhaa za dizeli ndani ya magurudumu ya lori, halafu ulitegemee lisimame. Ngoma ya breki hutanuka kwa joto na kuziacha breki shuu nyuma, dereva anakanyaga tena na tena, hewa inayoendesha breki inapungua kwenye tangi haraka kuliko kompresa inavyoijaza. Gari dogo lina tatizo lake: mafuta ya breki hunyonya unyevu kadiri miaka inavyopita, na yakipata moto sana maji hayo huchemka, mapovu yanaingia kwenye mirija, pedali inazama hadi sakafuni bila kushika kitu. Harufu hutangulia. Kila aliyepita Salgaa anaijua, ile harufu kali ya kitu kinachoungua ambayo huingia hata madirisha yakiwa yamefungwa, lori likiwa mbele yako na moshi mwembamba ukitoka kwenye magurudumu ya nyuma.

Na hapa lazima tuseme habari ya frii, kwa sababu huwezi kuandika juu ya gia katika sehemu hii ya nchi ukairuka. Kupiga frii ni kutoa gia kabisa mteremkoni na kuliacha lori lijiendee, kwa imani kwamba unaokoa mafuta. Mteremko wa kutoka Mau Summit kupitia Sachangwan na Migaa hadi Salgaa umekuwa ukitajwa kwa tabia hiyo kwa miaka mingi. Tarehe 31 Desemba 2017, basi na lori viligongana Migaa kabla ya mapambazuko na watu 36 wakafariki. Baadaye sehemu ile ya barabara ilipanuliwa na njia za kwenda na kurudi zikatenganishwa. Tarehe 30 Juni 2023, lori lililopoteza mwelekeo liliparamia wachuuzi, matatu na watembea kwa miguu katika njia panda ya Londiani, na zaidi ya watu 50 wakapoteza maisha. Sisemi kila ajali ya huko imeletwa na gia. Kuna uchovu, kuna mvua, kuna mwendo wa kasi, kuna magari mabovu, kuna masoko yaliyosogezwa hadi ukingo wa lami. Ninachosema ni kwamba lori lililo frii limejinyima breki yake kubwa kuliko zote kabla shida haijaanza, na likishakimbia, kuirudisha gia ni kama haiwezekani: injini iko chini, magurudumu yako juu mno, meno yanakataa kuingiliana.

Hesabu ya mafuta yenyewe ina nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo inayoua. Kwenye mteremko mdogo, ulionyooka, gari lililo frii litakwenda mbali zaidi kuliko lililo kwenye gia, kwa hiyo kuna tone la kuokoa. Lakini kwenye mteremko mkali, ambako lazima uzuie mwendo kwa njia yoyote, hakuna cha kuokoa. Injini za kisasa, za petroli na za dizeli, zikiwa kwenye gia na mguu umetoka kwenye mafuta, kompyuta hufunga injekta kabisa. Hakuna tone linaloingia. Magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini bure. Ukiweka frii, injini haina tena anayeizungusha, inabidi ijichomee mafuta yake ili isizime. Gari dogo la siku hizi, likinguruma bila kazi kwa dakika kumi za mteremko, litakunywa labda mililita mia moja na ushee. Lililo kwenye gia wakati huo huo halinywi kitu.

Kwa hiyo dereva anayepiga frii kutoka Kericho kwenda Awasi analipia ile hatari kwa mafuta yake mwenyewe.

Kinachonisikitisha ni kwamba tabia hii imevuka kutoka kwenye malori ikaingia kwenye magari madogo ya oto. Nimepanda magari ya kuchangia abiria kwenye njia hii mara nyingi, na kuna safari moja iliyonikaa. Tulipopita Kapsoit na barabara kuanza kuinamia upande wa ziwa, dereva alisukuma mpini kutoka D hadi N, taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba chenye mtoto aliyelala. Injini ikashuka, kelele za tairi zikapanda. Mama mmoja wa makamo aliyeketi mbele akauliza, "Dereva, mbona gari limenyamaza?" Akajibiwa kwa upole, "Nimeipumzisha injini, mama, huku ni kushuka tu." Yule kijana hakuwa mtundu. Alikuwa na adabu, hakuwa na mwendo wa kutisha, na aliamini kwa dhati kwamba analitunza gari la tajiri wake. Mtu aliyemfundisha ndiye aliyekosea, na huyo naye alifundishwa na mtu wa lori.

Kwenye giaboksi ya oto, kosa hilo ni baya mara mbili. Pampu inayosukuma mafuta ya giaboksi huzungushwa na injini. Injini ikiwa chini na magurudumu yakienda kilomita 80 kwa saa, sehemu zinazozunguka kasi hupata mafuta kwa shinikizo dogo kuliko zinavyostahili. Kisha mteremko unakwisha, dereva anarudisha D, na klachi za ndani (oto nayo ina klachi, tofauti ni kwamba huzikanyagi wewe) zinalazimika kushikana ghafla ilhali injini na magurudumu vina mwendo tofauti. Fanya hivyo kila siku kwa mwaka mzima. Kuna wengine huzima injini kabisa, jambo ambalo naliomba liishe leo: injini ikizimwa, nguvu inayosaidia breki inaisha baada ya kukanyaga mara chache, usukani unakuwa mzito, na kwenye baadhi ya magari ufunguo ukizungushwa kupita kiasi usukani unajifunga.

Dawa iko pale pale karibu na goti. Kabla mteremko haujaanza, si katikati yake, toa mguu kwenye mafuta, punguza mwendo, kisha vuta mpini hadi S, au 2, au B, kulingana na gari lako. Mwenye kitufe cha O/D akibonyeze kizime gia ya juu. Kama mteremko ni mkali kama Subukia au Nyang'ori na mwendo umeshashuka, L ipo kwa ajili hiyo. Wenye Aqua na Prius, magari yanayotumia injini na mota ya umeme pamoja, wana B, iliyowekwa makusudi kwa miteremko mirefu, kwa sababu betri ikishajaa haipokei tena na lazima injini isaidie kuzuia. Ukiwa katika gia hiyo, breki unaikanyaga kwa vipindi: unakanyaga kwa nguvu ya kutosha, mwendo unashuka, unaachia ipumue. Kuiegemeza mguu kilomita baada ya kilomita ndiko kunakoipika. Mvua ikinyesha na lami inateleza, badilisha mapema zaidi na kwa mwendo mdogo zaidi, ili magurudumu yasishtuliwe.

Wenye magari huogopa kelele. Injini inapanda hadi mizunguko elfu tatu na nusu, elfu nne, na mtu anahisi moyo wake ukiliwa pamoja na mafuta. Niseme tena: mguu ukiwa nje, injini hiyo inalia bila kula. Wala haiumii, maana mizunguko elfu nne ni ya kawaida kwake, ndiyo unayoitumia ukipita lori pale Kamara. Na kuna ulinzi ambao gari la klachi halina. Kwenye oto inayosimamiwa na kompyuta, ukiomba gia ndogo ukiwa kasi mno, kompyuta hukataa au husubiri hadi mwendo ushuke. Dereva wa klachi akikosea, akaingiza ya pili badala ya ya nne akiwa kwenye kasi ya barabara kuu, hakuna wa kumkatalia. Valvu zitamjibu.

Nakubali kwamba magari mapya zaidi yana akili. Baadhi hutambua mteremko na kujishusha gia yenyewe. Lakini magari mengi tunayoendesha hapa ni ya CVT, yale ya mkanda wa chuma unaopanda na kushuka kwenye puli mbili bila meno ya gia, na tabia yake ya kawaida katika D ni kutafuta mizunguko midogo kadiri inavyowezekana ili kuokoa petroli. Ni sifa nzuri barabara ya tambarare ya Ahero. Mteremkoni inamaanisha kwamba D ya CVT inazuia kidogo sana kuliko gia ya tatu ya Corolla ya babu yako. Mtu aliyetoka klachi akaingia CVT bila kuambiwa hili anajikuta anakanyaga breki tu, na hajui kwa nini gari "linakimbia".

Mafundi wa jua kali wanayaona matokeo. Nilisimama kwa fundi mmoja Nakuru aliyekuwa amefungua sufuria ya chini ya giaboksi ya gari dogo. Alichovya kidole kwenye mafuta, akakipitisha kwenye kipande cha karatasi nyeupe ya chooni. Mafuta ya oto ya aina ile yakiwa mapya ni mekundu, unaweza kuona karatasi kupitia kwake. Haya yalikuwa meusi, yana chembe zinazometameta, na yananuka kama waya ulioungua. Mwenye gari, mzee mstaafu, aliuliza kama angeongeza tu lita moja juu yake. Fundi akamwambia, "Mzee wangu, hapa tunaongea mambo ya giaboksi nyingine." Mafuta hayakuwa yamebadilishwa tangu gari lishuke kwenye meli, na gari lilikuwa limewahi kuvutwa kwa kamba kilomita nyingi, magurudumu ya mbele yakiwa chini. Ni tabia ya klachi tena. Gari la klachi ukilitoa gia unaweza kulivuta, na betri ikifa vijana wanne wanalisukuma likawaka. Oto haiwaki kwa kusukumwa, na kuivuta huku magurudumu yanayoendeshwa yakigusa barabara na injini imezimwa ni kuikausha mafuta ndani. Inapakiwa mgongoni mwa gari la kuvutia, au inanyanyuliwa upande unaoendeshwa. Na mafuta ya CVT hayachanganywi na ya oto ya kawaida; kila kampuni imetaja aina yake kwenye kitabu, na duka la vipuri likikwambia "yote ni yale yale", toka dukani.

Upande wa pili nao una madhara yake, ingawa ni mafupi kuyasimulia. Aliyezoea klachi akiingia oto mara ya kwanza, mguu wa kushoto hutafuta pedali ambayo haipo, unakutana na breki, na unaikanyaga kwa nguvu ya klachi. Walio nyuma wanajua wenyewe. Kinga yake ni kuuweka mguu huo pembeni kabisa, chini ya kiti ikibidi, kwa siku za kwanza. Oto pia hutambaa yenyewe ikiwa kwenye D, na maegeshoni dereva akipaniki akakanyaga mafuta akidhani ni breki, hakuna pedali ya klachi ya kukanyaga ili injini iachane na magurudumu. Na kijana mwenye B1 pekee anayetafuta kazi ya udereva Kisumu au Eldoret atakuta pikapu nyingi za kazi bado ni za klachi. Ningemshauri achukue B2 kama uwezo upo. Hilo ni suala la riziki, halina uhusiano na uanaume.

Probox ndiyo inayonipa hofu kuliko zote. Huku kwetu, kuanzia Kisii hadi Kakamega, imekuwa matatu, ikibeba watu kumi na zaidi katika gari la watu watano, wakati mwingine abiria akibanana na dereva kiti kimoja. Uzito huo wote unashuka pamoja nayo. Dereva wa Probox ya klachi aliyekomaa atakuwa angalau kwenye gia ya tatu kwa mazoea. Dereva kijana wa Probox ya oto, ambaye mkono wake umezuiwa na goti la abiria asiuone hata mpini, atabaki D na breki. Msako wa polisi huhesabu vichwa, na ni sawa vihesabiwe. Lakini sijawahi kusikia kizuizini mtu akiulizwa: umeshuka na gia gani?

Malori nayo yanahamia upande huu. Trela nyingi zinazotoka Ulaya zikiwa zimetumika zina giaboksi zinazobadilishwa na kompyuta. Volvo walileta I-Shift yao mwaka 2001, na wengine wana zao. Baadhi ya malori hayo hupiga frii yenyewe, kwa makusudi ya mtengenezaji. Ila tazama masharti yake: hufanya hivyo pale tu ambapo barabara imeinama kidogo, na mara dereva akigusa breki au mwendo ukivuka kiwango, gia inarudi yenyewe. Wahandisi wameichukua ile nusu ya ukweli ya dereva wa Salgaa, wakaipima, wakaiacha ifanye kazi mahali inapofaa na kuizuia mahali inapoua. Dereva anayekabidhiwa lori la namna hiyo bila mafunzo ataitafuta N mwenyewe mteremkoni, kwa sababu ndivyo alivyozoea, na kuiondolea kompyuta nafasi ya kumlinda.

Kuna mabango barabarani kabla ya miteremko mikali yanayowataka wenye malori waingize gia ndogo. Mwenye Fielder hulisoma akapita, akijua kwamba si lake. Lingekuwa bango la magari yote, na pembeni ya picha ya lori ichorwe mpini wa oto ukiwa kwenye L, naamini lingewafikia wengi kuliko hotuba za kila Desemba. Mamlaka ya usalama barabarani, NTSA, tayari inatambua kwamba oto na klachi ni vitu viwili, ndiyo maana ikaweka B1 na B2. Basi ikamilishe kazi. Mtihani wa B1 uwe na mteremko. Wa B2 naye, kwa kuwa leseni yake inamruhusu oto, apande oto angalau mara moja mbele ya mtahini. Nakuru wana Subukia, Kisumu wana Nyang'ori, umbali wa safari fupi kutoka mjini. Mwanafunzi afikishwe juu, asimamishwe kando, aulizwe atashuka na herufi gani na kwa nini, kisha ashuke nayo hadi chini mtahini akiwa anautazama mguu wake wa kulia.